Kumwita dume la muusi: tunayoambiana na yaliyo kweli

Kwa ambao hamjawahi kumuona, muusi ndiye mkubwa kuliko wote kwenye ukoo wa kulungu, dume wa Alaska anaweza kupita kilo 600 na pembe zake ni bapa, pana kama masinia mawili. Msimu wa kupandana ukifika wawindaji wa Kanada na Alaska wanamwita kwa kuigiza sauti ya jike, na hapo ndipo maneno yanakuwa mengi kuliko ukweli.

Utasikia eti baridi ndiyo inaanzisha msimu. Hapana, ni mchana kufupika, ndiyo maana kilele kinaangukia mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba karibu kila mwaka, mimba inachukua siku 230 hivi na ndama anatakiwa azaliwe Mei au Juni majani yakiwa mabichi. Kukiwa na joto dume hajaacha kutafuta majike, ila mchana analala kivulini halafu anatembea usiku, basi watu wanasema msimu umechelewa.

Kubwa zaidi, na hili ndilo linawaponza wengi, ni kuamini kwamba asipojibu hayupo. Mtu anaita dakika kumi, kimya, anahama. Jamani, dume anasikia mbali sana, watafiti waliopima mwaka 2008 walikuta pembe zile zinakusanya sauti kama dishi na kuipeleka masikioni, usikivu unaongezeka kwa asilimia 19 hivi. Huenda kakusikia tangu mara ya kwanza na yuko njiani, anakuja polepole bila kutoa sauti, inaweza kumchukua masaa, wengine wanatokea kesho yake asubuhi palepale ulipoitia wakati wewe umeshaondoka. Ita, nyamaza nusu saa au zaidi, ita tena kidogo, kaa.

Ukikaa ndio utasikia. Mara nyingi kinaanza kitu kama mtu anapasua kuni mbali kwa shoka, ko, kisha kimya, kisha ko tena, huo ni mguno wake, halafu unasikia pembe zinagonga matawi na hapo hata kumeza mate unaogopa.

Wengine wanasema dume mwenye ashki hajali harufu. Anajali sana! Akikaribia anazunguka mpaka aupate upepo unaotoka kwako, maana anataka kumnusa huyo jike kwanza, akikunusa wewe mchezo umeisha. Ndio maana wanaojua wanaenda wawili, mmoja anaita nyuma, mwenye bunduki anakaa mbele upande upepo unakoelekea, pale ambapo dume atapita akizunguka.

Halafu hii ya kwamba bila kifaa cha bei hupati kitu. Wami'kmaq, wenyeji wa asili wa mashariki mwa Kanada, wameita muusi toka enzi na enzi kwa tarumbeta ya gome la mti wa betula lililokunjwa tu, na mfupa mkavu wa bega ukiusugua kwenye vichaka unatoa mlio uleule wa pembe zikikwaruza miti. Kuna wanaochota maji na kuyamwaga taratibu ziwani ili isikike kama jike anakojoa, na inafanya kazi. Ila usigune kama dume jitu zima kila saa, madume wadogo wataogopa kusogea.

Nyama ya dume wa msimu huu eti hailiki. Inalika, shida ni kwamba dume anachimba shimo, anakojoa humo na kujipaka matope yake mpaka ile ngozi inayoning'inia chini ya koo, sasa ukichuna ovyo manyoya yale yakagusa nyama ndio inanuka. Mkono unaoshika ngozi usishike nyama, na uipoze haraka.

Na usiite sehemu ambayo huwezi kubeba nyama kutoka. Robo moja tu ya dume mkubwa ni mzigo wa mtu mzima, na akidondokea kwenye tope la kiuno mita 800 toka mtumbwi ulipo, mtabeba mpaka usiku wa manane.