Ujerumani: Vifo Vinazidi Vizazi, na Bado Watu Wanaongezeka

Vijiweni na hata redioni husemwa kwamba nchi tajiri zinaishiwa watu, na kwamba milango sasa iko wazi kwa yeyote mwenye nguvu za kufanya kazi. Kauli ya kwanza ina ukweli nusu. Ya pili imewaponza vijana waliouza shamba ili kumlipa wakala. Kwa sisi tunaoshughulika na takwimu za watu, njia bora ya kueleza jambo hili ni kuchukua nchi moja na kuifuatilia hesabu yake, nami nachagua Ujerumani.

Mwaka 2024 walizaliwa huko watoto wapatao 677,000, na wakafariki watu zaidi kidogo ya milioni moja. Kwa vizazi na vifo peke yake, nchi ilipungukiwa watu karibu 330,000. Lakini mwaka huohuo watu wapatao milioni 1.69 walihamia Ujerumani, na wengine milioni 1.26 wakahama. Tofauti ni watu 430,000 hivi. Ukitoa pengo la vifo, linabaki ongezeko la takriban 100,000, na mwaka ukafungwa nchi ikiwa na watu milioni 83.6. Naomba msomaji asiipite haraka ile idadi ya waliohama. Katika miaka ya karibuni watu wapatao milioni moja au zaidi huondoka Ujerumani kila mwaka, wakiwemo Wajerumani wenyewe. Anayetaja wanaoingia tu ametoa nusu ya hesabu.

Pengo hili ni la siku nyingi. Tangu 1972 haujapita mwaka hata mmoja ambao vizazi vimezidi vifo nchini humo. Zaidi ya miaka hamsini, basi, ni wahamiaji walioizuia nchi hiyo kupungua.

Ili kizazi kimoja kijazie kingine, kila mwanamke anahitaji kuzaa kwa wastani watoto 2.1. Ile sehemu ndogo inayozidi wawili inatokana na mambo mawili: wavulana wanaozaliwa huwa wengi kidogo kuliko wasichana, na wapo wasichana wanaofariki kabla ya kumaliza umri wa kuzaa. Mwaka 2023 wastani wa Ujerumani ulikuwa 1.35. Korea Kusini mwaka huo ilishuka hadi 0.72. Kwa kulinganisha, utafiti wa afya na uzazi wa Kenya wa 2022 ulipata 3.4, na wa Tanzania wa mwaka huohuo 4.8.

Wajerumani hawakuwa hivi daima. Mwaka 1964, ukijumlisha Ujerumani zote mbili za wakati ule, walizaliwa watoto karibu milioni 1.36, mara mbili ya wanaozaliwa sasa. Kisha uzazi ukaporomoka kwa kasi. Vidonge vya kupanga uzazi vilikuwa vimeingia madukani, wasichana walikaa shuleni muda mrefu zaidi, na wanawake wakaingia kwenye ajira. Upande wa Magharibi shule nyingi zilifunga mchana na vituo vya kulelea watoto wadogo vilikuwa haba, hivyo mwanamke alilazimika kuchagua kati ya kazi na mtoto. Upande wa Mashariki anguko lilikuja baadaye, na lilikuwa kali zaidi. Baada ya Ukuta wa Berlin kuanguka mwaka 1989, viwanda vilifungwa na ajira zikatoweka. Kufikia 1994 wastani ulikuwa watoto 0.77 kwa mwanamke. Hakuna serikali iliyoamuru hivyo. Familia ziliona kesho haieleweki, zikaahirisha, na baadhi ya walioahirisha hawakurudi tena kwenye mpango ule.

Athari za miaka ile hazifutiki kirahisi. Hata kama kila mwanamke kijana wa Ujerumani angezaa watoto wawili kuanzia leo, vizazi visingefikia vya 1964, kwa kuwa mabinti ambao wangekuwa mama leo hawakuzaliwa. Serikali imejaribu. Mwaka 2007 ilianzisha malipo ya mzazi anayebaki nyumbani na mtoto mchanga, yanayokokotolewa kwa kipato chake, na tangu 2013 kila mtoto aliyetimiza mwaka mmoja ana haki kisheria ya nafasi ya malezi ya mchana. Wastani ulipanda hadi karibu 1.6 mwaka 2016, kisha ukashuka tena. Kwa maoni yangu sera hizo ni njema, kwa sababu zinampunguzia mama mzigo. Anayezidai zirudishe hesabu ya 1964 anadai lisilowezekana.

Mwaka 1964 una kumbukumbu nyingine. Ujerumani Magharibi ilikuwa imeanza kuajiri wafanyakazi kutoka Italia mwaka 1955, na baadaye Uturuki mwaka 1961. Septemba 1964, katika stesheni ya reli ya Köln-Deutz, Mreno aitwaye Armando Rodrigues de Sá alipokewa kwa maua na kuzawadiwa pikipiki ndogo ya Zündapp, kwa kuwa alihesabiwa kuwa mfanyakazi mgeni wa milioni moja. Nia ilikuwa waje, wafanye kazi, warudi kwao. Kati ya watu karibu milioni 14 waliokuja hadi uajiri huo uliposimamishwa mwaka 1973, milioni 11 hivi walirudi kweli. Waliobaki walileta familia, na watoto wao wakazaliwa na kukulia huko. Mawimbi yaliyofuata hayakuletwa na viwanda. Mwaka 2015 walikuja wakimbizi wengi kutoka Syria na mwaka 2022 kutoka Ukraine, wakikimbia vita.

Wafanyakazi wageni wa kwanza waliobaki sasa ni wazee wanaopokea pensheni, na hapa ndipo mijadala mingi hupotea njia. Mhamiaji anapoingia akiwa na miaka 25 anapunguza wastani wa umri wa nchi kwa muda tu, kisha naye anazeeka. Watoto wake nao kwa kawaida huzaa kwa wastani unaokaribia ule wa wenyeji. Uhamiaji unaweza kuzuia idadi ya watu isishuke. Kuuondoa uzee hauwezi. Mwaka 2000 Umoja wa Mataifa ulikokotoa ni wahamiaji wangapi wangehitajika ili kila mzee aendelee kuwa na idadi ileile ya watu wenye umri wa kufanya kazi hadi 2050. Kwa Korea Kusini jibu lilizidi bilioni 5, wakati dunia nzima ilikuwa na watu bilioni 6 hivi.

Ujerumani inaliona tatizo hili kwenye mishahara. Asilimia 18.6 ya mshahara, ikigawanywa nusu kwa nusu kati ya mwajiri na mfanyakazi, huenda kwenye mfuko wa pensheni na kulipwa moja kwa moja kwa wastaafu wa leo. Wale watoto wa 1964 wanatimiza miaka 67 ya kustaafu mwaka 2031, na hapo watatoka upande wa wanaochangia kwenda upande wa wanaolipwa.

Wageni pia hawaendi kule kwenye upungufu mkubwa zaidi. Jimbo la Saxony-Anhalt, lililoko upande wa Mashariki, limepoteza karibu robo ya watu wake tangu 1990, huku wahamiaji wengi wakienda Berlin, Frankfurt na München.

Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji mjini Berlin. Habari zikaenea kwamba Wakenya 250,000 watapata kazi. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha: mkataba hautaji idadi yoyote, na unahusu pia kuwarejesha Wakenya wasio na haki ya kukaa huko. Kinachotakiwa ni ujuzi uliothibitishwa na lugha. Muuguzi kwa kawaida lazima vyeti vyake vitambuliwe rasmi na Kijerumani chake kifike ngazi ya B2 (ya nne kati ya ngazi sita za kupima lugha), na hilo huchukua muda mrefu wa masomo.

Kwa upande wa afya kuna kizuizi kingine. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, iliyotolewa mwaka 2023, na Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimo. Sheria ya Ujerumani hairuhusu wakala binafsi kuajiri wahudumu wa afya kutoka nchi hizo. Muuguzi anaweza kuomba kazi mwenyewe. Lakini wakala anayemfuata Mwanza au Kampala na kumdai ada ya "nafasi za Ujerumani" anafanya jambo ambalo sheria ya huko inalikataza.