Nondo wa Madagaska aliyesubiri miaka 118 kuitwa spishi

Mwaka 2021, Xanthopan praedicta, nondo (mdudu wa jamii ya vipepeo) wa Madagaska, alitambuliwa rasmi kuwa spishi kamili. Hakuwa mgeni machoni mwa wataalamu. Wataalamu wa wadudu Rothschild na Jordan walimweleza tangu mwaka 1903, ila wakamhesabu kuwa nususpishi, yaani kundi dogo ndani ya spishi, ya Xanthopan morganii, nondo wa Afrika bara anayepatikana pia Kenya na Tanzania.

Jina praedicta lina maana ya "aliyetabiriwa". Mwaka 1862 Charles Darwin alipima ua la okidi ya Madagaska, Angraecum sesquipedale, akakuta lina mrija wa karibu sentimita 29, na mbochi iko chini kabisa, kwenye sentimita 4 za mwisho. Akasema lazima yupo nondo mwenye ulimi wa kufika huko. Mwaka 1867 mwanasayansi mwenzake Alfred Russel Wallace aliunga mkono hoja hiyo. Wote wawili walisema hayo bila kumwona nondo mwenyewe.

Ukiwaweka nondo hawa wawili, praedicta na morganii, mezani, anza kwa kuwageuza chali. Praedicta ana kifua na tumbo lenye rangi ya waridi, ilhali morganii ni mweupe. Kisha tazama ncha ya bawa la mbele: mstari mweusi wa praedicta ni mpana zaidi. Ndiyo maana picha iliyopigwa kwa juu pekee haitoshi. Rangi nayo ina udanganyifu wake, kwa sababu hufifia kwenye mwanga, na mafuta ya mwili yakivuja hulifanya tumbo liwe la kahawia.

Ulimi ndio unaosifiwa zaidi. Mmoja wa Madagaska ulifika sentimita 28.5, rekodi kwa wadudu wote. Lakini urefu hutofautiana kati ya nondo na nondo hata ndani ya spishi moja, hivyo kipimo cha mdudu mmoja hakiamui kitu. Pima wengi wa kila upande, dume na jike kila mmoja kivyake. Ulimi huo hujikunja kama koili ya saa, na ukiuvuta ukiwa mkavu utakatika. Mweke nondo kwenye chombo kilichofungwa chenye pamba yenye unyevu kwa siku moja au mbili ili alainike, kisha ukunjue ulimi polepole kwa pini. Kagua ncha kwa lenzi kabla ya kuandika namba, kwani ulimi uliopoteza ncha huonekana mfupi bila kosa la nondo.

Ushahidi wa vinasaba ndio ulioupa uamuzi uzito. Mguu mmoja tu unatosha kusomea kipande cha vinasaba chenye herufi zipatazo 658, na kati ya nondo wa Madagaska na wale wa bara tofauti ilifika asilimia 7.8. Hiyo ni kubwa mno kwa ndugu wa spishi moja. Viungo vya uzazi navyo huchunguzwa: ncha ya tumbo huloweshwa kwenye potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 hadi nyama ilainike, zibaki sehemu ngumu za kulinganisha.

Kila sampuli iandikiwe karatasi yenye mahali, tarehe na aliyeikamata, na karatasi hiyo itungwe kwenye pini ileile ya nondo. Ikichanganywa na ya nondo mwingine, wa Madagaska anaweza kuhesabiwa wa bara, na vipimo vyake vikaharibu wastani wa pande zote mbili.