Mche Mmoja wa Mzeituni: Kwa Nini Tunaudai Cheti

Msimu wa likizo ukirudi, malalamiko kwenye meza ya karantini ya mimea ni yale yale: "Ni mche mmoja tu wa zawadi, mnauteketeza kwa nini?" Jibu liko Puglia, kusini mwa Italia.

Kwenye nyasi chini ya mizeituni ya huko huishi mdudu wa milimita 5 hadi 7, Philaenus spumarius, ambaye hapa tumwite mdudu-povu wa malisho. Baridi ikiisha, utaona tonge jeupe la povu limeng'ang'ania shina la jani. Lipanguse kwa kidole: ndani yumo tunutu, yaani mdudu-povu mchanga asiye na mabawa bado, laini, wa kijani, kichwa chini, ananyonya. Hayo si mate ya nyoka, tafadhali. Ni maji ya mmea aliyoyatoa kwa nyuma na kuyachanganya na hewa ili asikauke wala kuonekana na wanaomwinda.

Mdudu mwenyewe hana makali. Ila hunyonya maji yanayopanda kutoka mizizini, na humo ndimo hukaa bakteria wa Xylella fastidiosa. Akiwapata akishapevuka, huwaeneza hadi kufa kwake. Bakteria hao waligunduliwa Puglia mwaka 2013, na mamilioni ya mizeituni, mingine ya karne kadhaa, imekauka. Dawa ya kuuponya mti haipo. Wakulima wanalazimishwa kulima au kufyeka nyasi kabla tunutu hawajaota mabawa.

Uchunguzi wa vinasaba unaonyesha bakteria hao walitoka Amerika ya Kati, pengine kwa mche wa kahawa wa mapambo. Kahawa! Wenye mashamba Kilimanjaro na Mbozi watanielewa.

Kwa hiyo, kabla ya kununua mche ughaibuni, omba kibali cha kuingiza mimea. Masharti yake uyapeleke kwa mamlaka ya nchi unakotoka, wakague, watoe cheti cha afya ya mimea chenye jina la kisayansi la mmea. Risiti ya bustani ya miche si cheti. Kibali kilichoombwa baada ya ndege kutua si kibali. Chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya Tanzania ya mwaka 2020, mzigo usio na hati unaweza kuzuiwa, kurudishwa au kuteketezwa, na mwenyewe kushtakiwa.

Wengine hutuambia wameosha mizizi. Bakteria wako ndani ya mti, na mche huweza kukaa miezi mingi ukiwa na majani mabichi kabisa. Ikiwa umeshafika nao, utaje mwenyewe na umkabidhi mkaguzi kabla hujatoka uwanjani.