Kubuni upya kivutio kilichostaafu: mashabiki wanamaanisha nini?

Juu ya vichwa vya wageni wanaotembea Tomorrowland, sehemu mojawapo ya bustani ya burudani ya Disneyland huko California, inapita njia ya zege iliyobebwa na nguzo. Inaingia kwenye jengo, inatokea upande wa pili, inapinda, inaendelea. Hakuna chombo kilichobeba wageni juu yake tangu mwaka 2000. Shabiki wa bustani za burudani akiinua macho kuitazama, atake asitake, anaanza kuipitishia kitu kichwani mwake: magari ya namna gani, yaende kasi gani, yapite yakionyesha nini. Mawazo hayo yakishaandikwa na kuchorwa, ndiyo yanayoitwa kubuni upya kivutio kilichostaafu.

Kwa lugha nyepesi, ni kuchukua kivutio kilichofungwa moja kwa moja, kiwe safari ya mashua, onyesho la jukwaani au rolakosta (magari ya kasi yanayopanda na kushuka kwenye reli), na kupanga kwa undani namna kingeweza kurudi katika sura nyingine kwa ajili ya watu wa leo. Anayepanga si mwajiriwa wa bustani. Ni mtu mwenye daftari, programu ya kuchorea na saa chache za jioni. Disney huwaita wabunifu wake Imagineers, jina lililopatikana kwa kuunganisha maneno ya kuwaza na uhandisi, na mashabiki wanaofanya kazi hiyo nyumbani wamejiita Imagineers wa kitini. Wengine hawaishii kwenye karatasi: tangu mchezo wa kompyuta wa RollerCoaster Tycoon ulipotoka mwaka 1999, na baadaye Planet Coaster mwaka 2016, shabiki anaweza kulijenga wazo lake, akalizungusha na kuona linavyokwenda.

Neno "kustaafu" lina mipaka yake. Kivutio kinachofungwa miezi michache ili kipakwe rangi na kubadilishwa pampu hakijastaafu. Kilichostaafu ni kile ambacho mwenye bustani ameamua hakirudi, hata kama jengo bado limesimama. Tena kuna vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya. Kukumbuka ni kuhifadhi picha, ramani za zamani na sauti zilizorekodiwa. Kurejesha ni kujenga kilekile kilichokuwapo, msumari kwa msumari. Kubuni upya ni jambo la tatu, na ndilo gumu zaidi, kwa sababu linamtaka shabiki akubali kwamba baadhi ya vitu anavyovipenda havitarudi, kisha achague ni vipi vya kuokoa.

Si mchezo wa mashabiki peke yao. Bustani zenyewe zimeishi kwa kazi hii. Mwaka 1974 Disneyland ilifungua America Sings, onyesho la muziki lililochezwa na sanamu za wanyama zinazojongea kwa mitambo, ndani ya ukumbi wa duara ambao awali ulijengwa kwa onyesho jingine kabisa. Lilifungwa mwaka 1988. Mwaka uliofuata Splash Mountain, safari ya majini yenye maporomoko, ilifunguliwa upande wa pili wa bustani, na wengi wa wanyama walioimba ndani yake walikuwa ni walewale wa America Sings, wamehamia na kupewa hadithi nyingine. Watu walioililia Splash Mountain ilipofungwa mwaka 2023 walikuwa wanakililia kivutio ambacho nacho kilizaliwa na mabaki ya kingine.

Wabunifu wazuri hutazama kivutio katika sehemu tatu. Kuna mwili: jengo, reli, maji, mfumo wa magari. Kuna vazi: wahusika, rangi, nyimbo, hadithi. Na kuna kile ambacho kivutio kilimfanyia mgeni aliyeketi ndani yake. Mawazo mengi ya mashabiki hushughulika na vazi tu. Filamu fulani imevuma, basi wahusika wake wapachikwe kwenye reli ya zamani. Nayasoma hayo kwa upole, maana ndiko karibu kila mtu anakoanzia, lakini mara nyingi yanaruka swali ambalo ndilo moyo wa kazi: mgeni alishuka akiwa na nini ambacho hakuwa nacho alipopanda?

Chukua Horizons, safari ya magari iliyofunguliwa EPCOT, bustani ya Disney huko Florida, tarehe 1 Oktoba 1983. Vazi lake lilikuwa maisha ya baadaye: shamba jangwani, mji chini ya bahari, makazi angani. Kwenye sehemu ya jangwani ilipulizwa harufu ya machungwa, na watu waliopanda wakiwa watoto bado wanaitaja harufu hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Lakini kilichoitofautisha kilikuja mwishoni. Mbele ya abiria palikuwa na vitufe vitatu, nao wakachagua warudi nyumbani kwa njia gani: kupitia angani, jangwani au baharini. Waliokaa gari moja walipiga kura, na filamu iliyofuata ilikuwa ya chaguo la wengi. Kivutio kilichotumia muda wake wote kueleza kwamba mustakabali unajengwa na watu kilimalizika kwa kumkabidhi mgeni usukani, japo kwa sekunde chache.

Horizons ilifungwa kabisa Januari 1999 na jengo likabomolewa. Mahali pake pamesimama kivutio kingine, Mission: SPACE, kilichofunguliwa mwaka 2003. Mwili wake haupo tena, na vazi lake limechakaa, kwa sababu mustakabali uliochorwa mwaka 1983 leo unaonekana wa kale. Kilichobaki ni lile chaguo. Kwa hiyo shabiki anayependekeza Horizons mpya yenye roboti na magari yanayoruka, lakini mgeni hachagui chochote, amechora kitu kizuri ambacho si Horizons. Na yule anayependekeza safari isiyo na shamba la jangwani wala mji wa baharini, ila kila gari linafikia mwisho wake kwa kura ya waliomo, amekaribia zaidi. Hata jengo lingekuwa jingine, na hata jina.

Upande wa pili wa somo hili uko kwenye ile njia ya zege. Ilijengwa kwa ajili ya PeopleMover, iliyofunguliwa mwaka 1967: vigari vidogo vilivyosukumwa na matairi yaliyofungwa ndani ya njia yenyewe, vikienda polepole vikiwaonyesha abiria bustani kutoka juu. Safari ilichukua takriban dakika 16. Ilifungwa mwaka 1995, na mwaka 1998 njia ileile ikapewa Rocket Rods, magari ya kasi yaliyomaliza mzunguko kwa takriban dakika 3. Shida ni kwamba kona za njia hiyo zilikuwa bapa. Barabara ya mwendo wa kasi huinuliwa upande mmoja kwenye kona ili gari lisivutwe nje. Hii haikujengwa hivyo, kwa sababu vigari vya awali havikuhitaji. Basi Rocket Rods zikawa zinafyatuka kwenye sehemu iliyonyooka, zinafunga breki kwenye kona, zinafyatuka tena, zinafunga tena, siku nzima. Ziliharibika mara kwa mara, na mwaka 2000 zikasimama kwa mara ya mwisho.

Naitaja hadithi hii kila ninapozungumza na mtu anayeanza kubuni, kwa sababu inaonyesha kosa lisiloonekana kwenye mchoro. Wazo lilivutia na jina lilivutia. Mwili haukukubali. Na zaidi ya mwili, kile ambacho PeopleMover ilimfanyia mgeni kilikuwa kumpumzisha: dakika 16 za kukaa, upepo, na kuona ulikotoka na unakokwenda. Rocket Rods zilichukua mahali pa kupumzikia zikaleta foleni.

Mwili ukikubali, mambo huwa mepesi zaidi. Maelstrom, safari ya mashua ya Norwe pale EPCOT, ilifungwa mwaka 2014 na kurudi mwaka 2016 kama Frozen Ever After, kwenye mkondo uleule wa maji. Huko Virginia, bustani ya Busch Gardens iliifunga Big Bad Wolf mwaka 2009, rolakosta ambayo magari yake yalining'inia chini ya reli. Verbolten iliyokuja mwaka 2012 ni mashine ya aina tofauti kabisa, lakini bado inamalizia kwa kushuka kuelekea mtoni palepale Wolf ilipokuwa ikishukia. Waliobuni walijua watu walikumbuka nini.

Nyambizi za Disney nazo zinafundisha. Za California zilisimama mwaka 1998, lakini ziwa lao likaachwa na maji yake, na mwaka 2007 zikarudi na hadithi ya Finding Nemo, zikiendeshwa kwa umeme badala ya dizeli. Za Florida zilifungwa mwaka 1994, na ziwa likaja kufukiwa. Mashabiki waliendelea kuzibuni upya za Florida kwa miaka mingi, lakini pa kuzirudishia hapakuwapo tena.

Kuna pia hesabu, ambayo wabunifu wapya huikwepa na wazoefu huipenda. Gari la watu 4 likiondoka kila baada ya sekunde 12, yanaondoka magari 300 kwa saa, yaani watu 1,200. Ukitaka kila gari lisimame dakika moja mbele ya mhusika anayezungumza na abiria, inabidi ujenge vyumba vitano vinavyofanana ili mtiririko usikatike, au ukubali watu 240 tu kwa saa na foleni ndefu isiyovumilika. Pendekezo lenye mstari mmoja wa hesabu kama hii husomwa kwa heshima tofauti. Vivyo hivyo swali la uokoaji: gari likikwama katikati, abiria wanashukaje, na mwenye kiti cha magurudumu anatolewaje?

Halafu kuna deni kwa waliokipenda. Mwaka 1997 ilipovuma kwamba Mr. Toad's Wild Ride ya Florida, safari ya chura wa hadithini aitwaye Toad, ingefungwa, mashabiki walikusanyika mbele yake wakiwa na fulana za kuitetea. Haikuokoka; ilifungwa Septemba 1998, na nafasi yake ikachukuliwa na safari ya Winnie the Pooh. Lakini ndani ya safari hiyo mpya imewekwa picha ya Toad akimkabidhi bundi hati ya nyumba. Ni picha ndogo ukutani, nami naiona kuwa tendo la adabu: aliyekuja alikiri kwamba palikuwa na mwenyeji kabla yake. Mapendekezo mengi mazuri ya mashabiki huwa na kitu cha namna hiyo.

Adabu ikikosekana, watu huona. Journey Into Imagination, safari iliyofunguliwa EPCOT mwaka 1983, ilikuwa na wahusika wawili, Dreamfinder na joka dogo la zambarau, Figment. Mwaka 1999 ilirudi ikiwa fupi zaidi, Dreamfinder hayupo na Figment anaonekana kwa muda mfupi tu. Malalamiko yalikuwa makali, safari ikafungwa baada ya miaka miwili, na mwaka 2002 Figment akarudishwa katikati ya hadithi. Hapo ndipo mashabiki walipoona kwamba maneno yao yana uzito.

Lakini si kila kilichopendwa kinastahili kurudi na vazi lake. Splash Mountain ilitegemea wahusika wa filamu ya mwaka 1946, Song of the South, iliyolaumiwa tangu ilipotoka kwa namna ilivyoyapamba maisha ya Wamarekani weusi mashambani. Mashabiki walikuwa wamekwisha pendekeza kivutio hicho kipewe hadithi ya binti mfalme Tiana, wa filamu ya mwaka 2009, na Juni 2020 ombi lao likapata maelfu ya sahihi. Tarehe 25 ya mwezi huohuo Disney ikatangaza mpango huo, ikisema ulikuwa umeanza kufanyiwa kazi tangu mwaka uliotangulia. Tiana's Bayou Adventure ilifunguliwa Florida Juni 2024 na California Novemba mwaka huohuo, ikiwa na maporomoko yaleyale ya takriban mita 16. Je, mashabiki ndio waliosababisha? Naamini kitu cha wastani zaidi: waliliona wazo sahihi kwa macho yao wenyewe, na hilo linatosha kuheshimiwa.

Kampuni kubwa, Disney ikiwemo, hazipokei mawazo ya kivutio yaliyotumwa bila kuombwa, kwa kuhofia kesi za umiliki. Kwa hiyo anayebuni upya anawabunia wenzake. Hilo halijawahi kupunguza uzito wa kazi.

Mimi ile njia ya zege ningeiachia mwendo wake wa polepole. Mwenzake PeopleMover wa bustani ya Disney ya Magic Kingdom, Florida, anazunguka tangu mwaka 1975 na watu bado wanampanda, hivyo hoja kwamba wageni wa leo wanataka kasi tu siikubali. Ningeweka magari mapya mepesi, na ndani ya lile jengo la duara la America Sings, ambalo njia inalipitia ghorofa ya juu, abiria wangesikia sauti hafifu za onyesho lililokuwa likiimbwa chini ya sakafu hiyohiyo hadi mwaka 1988. Kinachonishinda hadi sasa ni uokoaji. Njia ni nyembamba, na ukiongeza ujia wa kutembea kando yake, nguzo zinabeba uzito ambao hazikujengewa. Nimechora namna nne za kuuning'iniza ujia huo, na ya nne ndiyo ninayoendelea kuipigia hesabu.