Kituo cha kupima hewa hakiishii kwenye kununua mashine

Wengi huamini kwamba mfadhili akishanunua mashine ya kupima hewa, utafiti wa afya ya watoto umepata ulichohitaji. Kununua ni mwanzo tu. Kupima PM2.5, yaani chembe ndogo sana za uchafu zinazoelea hewani, zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5, kunahitaji umeme wa uhakika, vipuri, na fundi wa kuhakiki usahihi wa mashine mara kwa mara. Vihisi vya bei nafuu husaidia, ila unyevu mwingi huweza kuvifanya visome chembe nyingi kuliko zilizopo. Tena mapafu ya mtoto hukua kwa miaka. Vipimo vya miezi michache havitoshi, na hapo ndipo bajeti hupelea. Ukitaka kuhakiki, fungua takwimu za kituo: tazama siku zisizo na vipimo, kisha uliza mashine ilihakikiwa lini na nani analipia matengenezo.