Huhitaji kimya ili usikilize: dhana potofu kuhusu sanaa na usikivu

Dhana: Ili usikilize kwa makini, kwanza pawe kimya.

Ukweli: Kimya kamili hakipo. Mtunzi wa Kimarekani John Cage aliwahi kuingia katika chumba cha Chuo Kikuu cha Harvard kilichojengwa kumeza mwangwi wote. Alitoka akisema amesikia sauti mbili, nyembamba na nzito, na akaelezwa kuwa ile nzito ni damu yake ikizunguka mwilini.

Tarehe 29 Agosti 1952, huko Woodstock, New York, mpiga piano David Tudor aliketi mbele ya ala yake dakika 4 na sekunde 33 asibonyeze hata noti moja. Kazi hiyo ya Cage ina sehemu tatu, naye Tudor alizitenganisha kwa kufunga na kufungua kifuniko cha piano. Baadhi ya watu walikasirika. Cage alikumbuka baadaye kwamba mwanzoni upepo ulisikika nje, kisha matone ya mvua juu ya paa, na mwishoni minong'ono ya hadhira yenyewe. Wapo wanaoiita kazi hiyo utapeli mpaka leo. Mimi nawaelewa, maana wamelipia muziki wakapewa mvua. Lakini mvua hiyo ilisikilizwa na ukumbi mzima, jambo ambalo mvua hailipati mara nyingi.

Dhana: Mjini hakuna cha kusikiliza, ni kelele tupu.

Ukweli: Mwaka 1966 Max Neuhaus, aliyekuwa mpiga ngoma, aliwagonga watu muhuri mkononi wa kuwaambia wasikilize, halafu akawatembeza katika mitaa ya Manhattan, jijini New York. Onyesho lenyewe lilikuwa matembezi hayo. Mwaka 1977 aliweka mtambo wa sauti chini ya wavu wa chuma pale Times Square, jijini humo, unaotoa mvumo kama wa kengele iliyokwisha kupigwa. Hakuweka kibao. Wapita njia wengi huukanyaga wavu huo wakaenda zao. Anayeusikia mvumo husimama, na kuanzia hapo hata honi za magari huanza kuachana, hii ya karibu, ile ya mbali.

Dhana: Usikivu ni kazi ya masikio peke yake.

Ukweli: Evelyn Glennie wa Uskoti alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kusikia alipofika miaka 12. Amekuwa mpigaji mashuhuri wa ngoma na ala nyingine za kugonga, na mara nyingi hupiga pekupeku ili mtetemo umfikie kupitia nyayo.

Dhana: Ukiongeza sauti kwenye spika za masikioni, unausikia muziki vizuri zaidi.

Ukweli: Unausikia kwa nguvu zaidi tu. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sauti ya wastani wa desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) isisikilizwe zaidi ya saa 40 kwa wiki. Chembe za sikio la ndani zinazopokea sauti zikifa, hazioti tena.