Chumba cha michezo si stoo ya midoli

Hapa Moshi, mtu akisema anamtengenezea mwanawe chumba cha michezo, safari ya kwanza ni soko la Memorial, kubeba midoli ya mitumba mfuko mzima. Tunaamini vikiwa vingi mtoto atatulia. Ni kinyume chake.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, waliwaangalia watoto 36 wa miezi 18 hadi 30 wakicheza, safari moja wakiwa na vitu 4, nyingine 16. Penye vinne, walidumu na kitu kimoja muda mrefu zaidi na kukichezea kwa namna nyingi zaidi. Penye 16 waliruka toka hiki kwenda kile. Matokeo yalichapishwa 2018.

Kwa hiyo usitupe, ficha. Acha vichache kwenye rafu fupi anayoifikia mwenyewe; vingine vitie kwenye ndoo yenye mfuniko, juu ya kabati, ubadilishe kila baada ya wiki moja au mbili. Alichokisahau kitarudi kikiwa kipya. (Mama zetu walituficha nguo za Krismasi hivyo hivyo, bila utafiti wowote.) Mwombe na fundi seremala mabaki ya mbao, ayapige msasa vizuri: vipande hivyo leo ni daladala, kesho ni Kibo.

Pesa iliyobaki nunua zulia, maana baridi ya sakafu ya saruji mwezi wa saba tunaijua, pamoja na skrubu za kuibana rafu ukutani. Watoto hupanda chochote.